Simu Yangu, Jina la Shiro

Simu yangu iliniita mwizi mbele ya watu!

Sio mtu. SIMU. Simu yangu mwenyewe, nimeishika hivi mkononi, namwonyesha mzee wa watu video.

Skrini ikazima. Ikawaka tena, nyeusi, na maandishi meupe:

"HII SIMU IMEIBIWA. ALIYE NAYO NI MWIZI. PIGA HII NAMBA."

Halafu ikaanza kulia... na sio ule mlio wa kupigiwa. Ni mlio wa kuita watu. Nabonyeza hapa, wapi! Nabonyeza pale, wapi! Inaniuliza namba ya kufungua ambayo mimi sijawahi kuweka.

Mzee Gichuru akavaa miwani. Akasoma polepole, midomo ikisogea.

"Msichana, hii ni nini?"

"Mzee, sijui! Haki ya Mungu sijui!"

Kugeuka hivi, caretaker wake, Mugo, ashafunga geti.

Wenye mnakaa Eastlands, huku Nairobi, mnajua. Neno "mwizi" likishatajwa kwa ploti ya kupanga, hakuna mtu huuliza mara ya pili. Mafundi waliokuwa wakipaka rangi kwa ngazi wakaanza kushuka, mmoja na ubao mkononi.

Lakini ngoja kwanza. Mnijue.

Naitwa Truphena. Kama umewahi kutafuta keja Tassia, Pipeline ama Kware, pengine unanijua kama Truphena wa Mfereji.

Kazi yangu ni kutafutia watu nyumba. Caretaker ananiambia kuna nyumba imebaki wazi, naenda naichukua video, naiposti TikTok na kwa status. Ukiipenda nakupeleka, ukilipa nami napata changu.

Na kila video yangu, LAZIMA nifungue mfereji wa jikoni.

Kwa hizi ghorofa zetu, tiles ni urembo tu kama maji hayapandi. Watu wamehamia nyumba safi, wakaishia kubeba mitungi kwa ngazi mpaka magoti yakaanza kulia. Kwa hivyo mimi nafungua, mnaona maji kwa macho yenu. Yasipotoka, pia naonyesha vile hayatoki.

Uso wangu hauonekani kwa hizo video. Unaonekana mkono wa kulia, ule wenye kovu kubwa la mafuta ya mandazi nililopata nikiwa mdogo. Watu wameujua huo mkono kuliko sura yangu. Sina ofisi, sina kibao barabarani. Nilikuwa na huo mkono tu, na watu kuuamini.

Sasa Mzee Gichuru alikuwa amemaliza kujenga ghorofa mpya Tassia. Alitaka ejenti mmoja wa kuijaza yote. Yote! Kwangu hiyo ilikuwa ni kuacha kukimbizana na chumba kimoja kimoja kama kuku.

Alikuwa ametazama video zangu bila kuongea. Dakika chache kabla simu izime, aliniuliza kitu kimoja tu.

"Na hii maneno ya kufungua mfereji... ni lazima?"

"Ni lazima, mzee. Ndio watu wananiamini."

Akakuna kidevu. Mimi mjinga nikadhani amependezwa!

Hapo ndipo skrini ikazima.

Sasa turudi pale. Mzee akatoa kasimu kake kadogo, akapiga ile namba, akaweka sauti ya juu. Ikaita mara moja tu. Ikashikwa.

"Haloo, nimepata hii namba kwa simu fulani hapa..."

"Woooi! Mzee Gichuru! Asante Yesu!"

Nikajua hiyo sauti.

Ilikuwa Shiro.

Shiro rafiki yangu. Shiro mwenzangu wa kazi. Shiro ambaye tulikuwa tuje pamoja kwa huyo mzee, akanipigia asubuhi akiwa analia, "Trufe, tumbo limenishika vibaya, enda tu, utaniambia vile imeenda."

"Mzee, mwenye ako na hiyo simu aliniibia! Tulikuwa tunafanya kazi na yeye! Hizo video zote ni zangu! Mzee, usiwe umempea nyumba... ama nyumba iko bado?"

"Shiro!" nikapiga nduru. "Shiro, ni mimi! Unasema nini?"

Akakata simu.

Mugo akanishika jaketi hapa shingoni. Yule wa ubao akasogea. Mmoja akasema, "Hawa ndio wanatumaliza." Nikaanza kulia kama mtoto, sina aibu kuwaambia.

Mzee akainua mkono.

"Muacheni aende. Simu ibaki hapa."

Nikatoka kwa hiyo geti nimeshikilia kabambe yangu, kale kasimu ka vibonyezo ka laini ya pili, watu wa duka wakinitazama. Mama wa mboga ambaye hunisalimia kila siku aliangalia sukuma zake.

Mnajiuliza, simu ilikuwa ya nani? ILIKUWA YANGU! Sikilizeni vile nilijiingiza.

Miaka yote hii ya kazi nilikuwa na Android. Simu ya kazi kabisa. Laini mbili ndani yake, moja ya wateja, moja ya watu wa nyumbani. Memory card ya video. Chaji siku nzima. Ikianguka kwa ngazi naiokota, napanguza, tunaendelea. Na kila mtu akinipigia, ilikuwa inarekodi yenyewe. Hiyo niliiweka makusudi, kwa sababu kuna caretaker anakutajia bei hii asubuhi, jioni anaapa kwa jina la mamake hajawahi kusema.

Lakini Shiro alikuwa na iPhone. Na Shiro alikuwa na mdomo.

"Trufe, na hiyo Android yako utazeeka nayo?"

"Inafanya kazi."

"Kazi gani? Angalia video! Ukuta mweupe unakaa ugali wa jana. Mtu wa ofisi akiona hiyo anapita."

"Si wanaona mfereji?"

"Mfereji, mfereji! Landlord wa maana haangalii mfereji. Anaangalia nyuma ya simu yako kama kuna lile tunda limeumwa."

Na nisiwadanganye, alikuwa na ukweli kidogo. Siku nilijaribu ya kwake kwa bedsita moja ya Kware, kale kachumba kalionekana kako na hewa! Mwanga wa dirisha ukatulia vizuri kwa sakafu. Mimi mwenyewe nikatamani kuhamia.

Nikaanza kulala nikiipima akilini. Ya kazi, ama ya macho ya watu? Android ilikuwa inanibeba. iPhone ilikuwa itanipeleka kwa milango ambayo Android ilikuwa inafungiwa. Hivyo ndivyo niliamini.

Shiro akanunua mpya. Ile yake ya awali akaniuzia mimi. Hakunidai pesa mkononi, alikuwa anakata kwa fungu langu kila tukijaza nyumba, mpaka ikaisha. Kwa hivyo msiniulize mambo ya risiti, na msiniulize mambo ya M-Pesa. Hakuna.

Siku ananipea tulikuwa kwake, tunakunywa chai.

"Sasa nifungue akaunti yangu?"

"Ya nini? Yangu iko ndani tayari. Ukiitoa utaanza kuulizwa email, sijui password, sijui jina la mwalimu wako wa kwanza. Wewe si hata email ulifunguliwa na kijana wa cyber?"

Kweli kabisa. Nikacheka. Tukacheka wote.

"Na hii namba ya kufungua skrini?"

"Toa! Wateja wanashika simu kila saa, utakuwa unafunguafungua kama soja wa geti?"

Nikatoa.

Hebu niwaulize. Wewe unayesoma, hiyo simu yako ulijifungulia, ama ulifunguliwa na jamaa wa duka, na bwanako, na binamu yako anayejua kompyuta? Usinijibu mimi. Jijibu.

Basi nikaanza kazi na iPhone. Android nikampa dadangu mdogo, Celine. Na nilipendeza jamani! Nikawa natembea na iPhone mkono huu, kabambe mkono ule, chaja ya kubeba kwa mkoba kwa sababu saa nane mchana betri imeisha. Lakini video? Moto!

Kuna vitu nilipaswa kuviona. Shiro alikuwa ananiambia, "Leo umeamkia Kware, eh?" kabla nimwambie niko wapi. Alikuwa anasifu video ambayo bado sijamtumia. Nikawa nadhani tumejuana sana. Nikawa nadhani ni urafiki!

Siku ile ya geti nilitembea mpaka Majengo kwa Kadar, fundi wa simu ninayemwamini. Nikamweleza nikilia. Hata hakuacha kazi aliyokuwa akifanya.

"Dada, ukifungua settings, pale juu kabisa kuna jina. Lilikuwa jina la nani?"

"Sijawahi kuangalia."

"Hujawahi?"

"Kadar, nilikuwa nafungua camera na TikTok. Nikitafuta nini huko?"

Akaweka bisibisi chini.

"Basi simu ilikuwa ya huyo mwenye jina. Anaona uko wapi. Picha zako zinaingia kwake. Akitaka anasema imepotea, anaifunga akiwa kwa kitanda chake, anaandika maneno anayotaka. Wewe ulikuwa umemshikia tu."

Nimemshikia. Nililipa na jasho langu, kumbe nilikuwa nimemshikia!

Niende polisi niseme nini? Simu yenye jina la Shiro, akaunti ya Shiro, imebaki kwa Mzee amrudishie Shiro, ati ni yangu?

Nikafunga mdomo. Lakini Tassia hawakufunga. Wiki hiyo caretaker mmoja baada ya mwingine akawa hashiki simu yangu. Mmoja akaniambia wazi, "Truphena, tulisikia ile maneno ya simu. Wacha ipoe kwanza." Ipoe! Mimi nikila nini ikipoa?

Ndio nikakumbuka Android.

Nikaenda Kware kwa Celine mbio. Nilimkuta anaanika nguo.

"Celine, ile simu nilikupa. Ulifuta vitu vyangu?"

"Sijagusa, sista. Nimeijaza tu picha za mtoto."

Nikafungua zile rekodi. Caretaker, caretaker, mama wa bedsita, caretaker... Shiro! Nikabonyeza. Sauti yake ikatoka safi, na kile kicheko chake:

"Trufe, ile ya mwisho nimekata leo. Simu ni yako sasa, hatudaiani. Kuja uichukue, na ubebe soda!"

Nikaketi kwa ndoo. Nikairudia. Nikairudia tena. Celine akadhani nimepata habari ya kifo.

"Sista, kwani nini? Na si ulipata kazi ya Mzee Gichuru? Mbona unalia?"

"Nani alikuambia nilipata?"

"Si nimeona mkono wako."

"Mkono gani?"

Akanionyesha. Ukurasa wa TikTok ni wa Shiro. Nyumba ni ile mpya ya Gichuru. Sebule, dirisha, bafu... Halafu jikoni. Mkono wa kulia unaingia, unafungua mfereji, maji yanamwagika kwa nguvu. Na sauti ya Shiro juu yake: "Maji iko saa zote, mpaka floor ya juu kabisa!"

Mkono una kovu.

MKONO WANGU!

Hiyo video niliipiga mimi, kwa nyumba nyingine kabisa, ile ya tiles za bluu upande ule mwingine wa Tassia. Ilikuwa kwa ile iPhone. Shiro alikata kipande, akakiweka hapo. Hakuiba kazi peke yake. Aliiba mkono ambao watu wanauamini.

Na comments sasa! "Truphena wa Mfereji akishafungua, mimi nahamia." "Huyo mkono haudanganyi."

Sikungoja chai ya Celine.

Nilimkuta Mzee Gichuru kwa kile chumba chake cha chini, anasoma gazeti. Mugo akataka kunizuia. Mzee akamwambia aniache.

"Mzee, sikiza hii tu. Ukimaliza, nitaenda."

Nikacheza rekodi. Akaisikiliza mpaka mwisho, mpaka kwa soda. Akakunja gazeti.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee. Umesikia mwenyewe. Simu ilikuwa yangu. Mimi si mwizi."

"Hiyo najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile."

Nikairudisha simu kwa mkoba.

"Mtu ameibiwa simu," akasema, polepole tu, "ukimpigia anauliza iko wapi. Huyo hakuuliza. Aliuliza kama nyumba iko bado. Na mimi nilikuwa sijamwambia jina langu."

"Sasa mzee... kama ulijua... mbona ukampa kazi?"

Akanyoosha kidole juu, kwa dari.

"Maji ya hapa hayapiti floor ya tatu. Kuweka pampu, siweki sasa. Wewe nilikuuliza ule mfereji kama ni lazima, ukaniambia ni lazima. Yeye hakuniuliza mambo ya maji hata kidogo."

"Lakini mzee, ule mkono kwa video ni wangu! Watu wanaamini ni mimi!"

"Basi jipongeze. Nyumba imejaa."

Akafungua gazeti tena!

Wasomaji wangu, nimewahi kutukanwa. Nimewahi kukimbizwa. Lakini sijawahi kuumia vile niliumia na hilo gazeti. Nilikuwa nimebeba ushahidi kama mtoto amebeba ripoti ya shule, kumbe mwenye kuonyeshwa alikuwa anajua kila kitu, na ukweli ndio ulioninyima kazi. Aliona mwongo, akamchagua makusudi.

Nikatoka nimeinamisha kichwa. Pale getini mkokoteni ulikuwa unashusha vitu. Godoro, meza, sufuria, na mama mmoja ameshika kiuno. Nikampisha, nikapanguza macho na mkono.

Akaangalia mkono.

"Aii! Si wewe ndio Truphena wa Mfereji?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haki nimekujua na hilo kovu! Mimi naitwa Nzilani. Mama, Mungu akubariki. Mgongo wangu ni mbaya, nilikuwa nimekataa floor ya sita kabisa. Halafu nikaona umefungua mfereji. Nikamwambia baba watoto, huyo hadanganyi, lipa."

"Mama Nzilani, nisikize. Maji haifiki huko juu. Ile video sio mimi nilitengeneza."

Akacheka.

"Mkono si huu?"

"Ni huu."

"Sasa?"

Nikajaribu. Nawaapia nilijaribu! Nikamwambia mambo ya simu, mambo ya akaunti, mambo ya Shiro na tiles za bluu. Nikaona macho yake yanabadilika, ananisogelea kwa huruma, ile huruma ya mtu anayeongea na mgonjwa. Akanipigapiga begani.

"Enda upumzike, mama. Hiyo kazi yako ni ya jua mingi."

Akapanda. Nilihesabu nyayo zake mpaka zikapotea juu.

Nilikuwa nimevuka barabara niliposikia naitwa. Nikainua macho. Alikuwa amesimama kwa balconi ya floor ya sita, ameshika ndoo, anatabasamu.

"Truphenaaa! Kwani huu mfereji unafunguliwa upande gani?"

...

Mpaka leo sijui ningemjibu nini.

Shiro bado ako Tassia, anaendesha kazi na simu mbili. Mimi nimehamia upande wa Pumwani, naanza upya kwa watu wasionijua. Kwa video sitoi tena mkono, naonyesha uso.

Watu wananiuliza, Trufe, wewe umetumia zote, kwa kazi ni Android ama iPhone? Nimerudi Android, kwa sababu ya laini mbili na zile rekodi. Lakini hilo sio jibu. Chukua unayotaka. Ya tunda, ya Android, ile inakubeba. Hakuna kati yao iliyoniuza. Niliuzwa na uvivu wa kufungua email yangu, na mtu niliyekunywa chai kwake.

Kwa hivyo kabla hujaandika comment hapo chini kunitukana ama kunipa pole, fanya kitu kimoja. Fungua settings. Angalia lile jina liko pale juu kabisa.

Ni la nani?